Ryzen 9 7950X kwa Kazi ya Mashine Pepe: Tathmini Baada ya Miezi 18

Kwa muda wa miezi 18 kompyuta yangu ya mezani yenye prosesa ya AMD Ryzen 9 7950X imekuwa ikiendesha mashine pepe nane (kompyuta zinazoigizwa na programu ndani ya kompyuta moja) kwa wakati mmoja, usiku na mchana, na kazi yangu ya kujaribu mifumo ya seva kabla ya kuikabidhi kwa watumiaji inategemea mashine hizo. Nilipokuwa nikitafuta vifaa, karibu kila tathmini niliyoisoma ilipima prosesa hii kwa michezo na kwa uhariri wa video, na kuhusu mashine pepe ikaishia kusema kwamba viini 16 (sehemu za prosesa zinazofanya hesabu) vinatosha. Ni kweli vinatosha. Hata hivyo, matatizo yaliyonisumbua katika miezi mitatu ya mwanzo hayakuhusu viini hata kidogo; yalihusu namna nilivyopanga RAM, diski niliyoichagua na ubao mama nilioununua bila kuuchunguza. Ndiyo maana tathmini hii ya prosesa itazungumzia zaidi vitu vinavyoizunguka.

Nianze na prosesa yenyewe. Ryzen 9 7950X iliingia sokoni Septemba 2022 ikiwa na viini 16 na nyuzi 32 (mifululizo ya kazi ambayo viini hivyo hushughulikia kwa pamoja), kasi ya msingi ya gigahezi 4.5 na kasi ya juu ya gigahezi 5.7, na hukaa katika soketi ya AM5 inayotumia RAM ya aina ya DDR5 peke yake. Uwezo wa kuendesha mashine pepe kwa msaada wa prosesa si jambo la kuulizia tena unaponunua kompyuta mpya ya mezani, kwa kuwa Intel waliuweka katika prosesa zao tangu mwaka 2005 na AMD wakafuata mwaka 2006, na baada ya hapo pande zote mbili ziliongeza utaratibu wa kurasa za kumbukumbu ulioondoa sehemu kubwa ya uzito uliokuwa ukibebwa na programu. Kinachotofautisha prosesa moja na nyingine leo ni idadi ya viini, usawa wa viini hivyo, na kiasi cha RAM ambacho prosesa inaweza kukibeba bila kupunguza mwendo.

Kuhusu usawa wa viini, hapa ndipo nilipoamua kuchagua 7950X badala ya Core i9-13900K ya Intel iliyotoka mwezi mmoja baadaye. Intel nayo ina nyuzi 32, lakini zinatokana na viini vikubwa 8 vyenye nyuzi mbili kila kimoja na viini vidogo 16 vyenye uzi mmoja mmoja, na viini hivyo vya aina mbili havilingani kwa kasi. Mfumo mkuu wa kompyuta unaoendesha mashine moja kwa moja huambiwa na prosesa ni kiini kipi kikubwa na kipi kidogo, ukagawa kazi ipasavyo. Mfumo ulio ndani ya mashine pepe kwa kawaida hauna habari hiyo, bali huona viini vinavyofanana, na hivyo kazi nzito ya mgeni (yaani mashine pepe) inaweza kuangukia kiini kidogo huku kikubwa kikishughulikia jambo dogo. Mtaalamu anaweza kufunga kila mashine pepe kwenye viini anavyovitaka na tatizo likaisha, lakini mimi sikutaka kuanza na kazi hiyo kwa kila mashine ninayoiunda na kuifuta baada ya siku mbili. Viini 16 vya 7950X ni vya aina moja, na mgeni yeyote akipewa chochote kati ya hivyo anapata kitu kile kile.

Pamoja na hayo, usawa huo una mpaka wake ambao mnunuzi anapaswa kuufahamu. Ndani ya kifuniko cha 7950X mna vipande viwili vyenye viini 8 kila kimoja, na kila kipande kina kashe yake (kumbukumbu ndogo ya haraka) ya ngazi ya tatu ya megabaiti 32. Viini vilivyo katika kipande kimoja huzungumza kwa haraka. Vinapolazimika kuwasiliana na viini vya kipande cha pili, mazungumzo hupitia kipande cha tatu cha katikati na kuchukua muda mrefu zaidi. Mashine pepe yangu ya hifadhidata ina viini pepe 8 (viini inavyoonyeshwa na programu), na katika wiki za mwanzo muda wake wa kujibu maswali yale yale ulikuwa ukipanda na kushuka bila sababu niliyoweza kuiona. Nilipoifunga kwenye kipande kimoja, kuyumba huko kulipungua kwa kiasi ambacho sikuhitaji kipimo kukiona. Ni mashine pepe pekee niliyoifanyia hivyo. Zile nyingine saba nimeziacha zizunguke kwa uhuru. Kwa sababu hiyo hiyo singeshauri 7950X3D kwa kazi hii, kwani kipande chake kimoja kina kashe kubwa na cha pili kina kashe ya kawaida, jambo linalorudisha tatizo la viini visivyolingana kwa njia nyingine.

Swali la viini vingapi mtu anavyohitaji hujibiwa kwa woga mwingi kuliko inavyostahili. Jumla ya viini pepe nilivyozigawia mashine zangu nane ni 40, ilhali prosesa ina nyuzi 32, na sijawahi kuona foleni ya kutia wasiwasi, kwa sababu seva nyingi hukaa zikisubiri ombi kwa sehemu kubwa ya siku. Viini vya kompyuta ni kama viti katika ukumbi ambao wageni huingia na kutoka: unaweza kualika watu wengi kuliko viti iwapo unajua kwamba hawatakuja wote kwa wakati mmoja. Kosa ambalo nimeliona mara nyingi ni kumpa mgeni mmoja viini pepe vingi kwa kudhani kwamba atakwenda kasi zaidi, kumbe mgeni mwenye viini pepe vingi visivyofanya kazi humwongezea mwenyeji, yaani kompyuta halisi inayobeba mashine pepe, mzigo wa kupanga zamu.

RAM haikubali ukarimu wa namna hiyo. Kiini kinaweza kuhudumia wageni kumi kwa zamu, lakini gigabaiti iliyokaliwa imekaliwa, na mwenyeji akiishiwa RAM huanza kuhamishia kurasa kwenye diski na mashine zote hupooza kwa pamoja. Zipo mbinu za kupunguza makali: Linux inaweza kuunganisha kurasa zinazofanana za mashine mbalimbali ziwe moja, na kuna kiendeshi cha ndani ya mgeni kinachorudisha kwa mwenyeji RAM asiyoihitaji. Ninazitumia zote mbili, lakini sizihesabu ninapopanga, kwa kuwa akiba inayotokana nazo hutoweka saa ile ile ambapo wageni wote wanapata kazi, yaani saa unapoihitaji.

Hesabu yangu ni hii. Seva mbili za Windows huchukua GB 8 kila moja, Windows 11 ninayoifanyia kazi za mezani huchukua GB 16, hifadhidata GB 16, na seva nne za Linux GB 4 kila moja, jumla GB 64. Mwenyeji namwachia GB 8. Tayari ni GB 72, na bado sijaacha nafasi ya mashine ya muda wala ya kashe ya faili ambayo Linux huitumia vizuri sana ikipewa RAM ya ziada. Anayenunua GB 64 kwa kudhani ni nyingi atazimaliza mapema, na GB 32 ni za mtu mwenye mashine pepe mbili au tatu ndogo.

Ni hapa nilipokosea, na nalieleza kosa hili kwa urefu kwa sababu ndilo lililonigharimu muda mwingi zaidi. Nilinunua vipande vinne vya GB 32 nikijaza sloti zote nne za ubao mama ili nipate GB 128, na nikachagua vipande vya kasi kubwa iliyoandikwa kwenye pakiti. Sikusoma maelezo rasmi ya AMD, ambayo yanasema wazi kwamba 7950X inahakikishiwa kasi ya DDR5-5200 ikiwa na vipande viwili, na kwamba vikiwa vinne kasi hiyo hushuka hadi DDR5-3600. Kwa vipande viwili prosesa hupata upana wa njia wa takriban GB 83 kwa sekunde. Kwa vinne hubaki na takriban GB 58. Kwa viini 16 vinavyohudumia mashine nane, hiyo ni karibu theluthi moja ya barabara iliyofungwa. Nilijaribu kulazimisha kasi iliyoandikwa kwenye pakiti, na kompyuta ikawa inawaka siku moja na kukataa siku ya pili, na mbaya zaidi, mara mbili faili za mashine pepe ziliharibika bila onyo lolote. RAM isiyotulia haiharibu programu moja pekee. Kila mgeni aliyelala juu yake yumo hatarini.

Niliishia kubadilisha vipande vile vinne kwa viwili vya GB 48, ambavyo mbao nyingi za AM5 zilianza kuvikubali baada ya masasisho ya BIOS (programu ya msingi ya ubao mama) ya mwaka 2023. GB 96 zinanitosha, na vipande viwili vinakwenda kwa kasi kamili bila kulazimishwa. Ushauri wangu kwa yeyote anayeanza ni kuamua kiasi cha RAM kabla ya kitu kingine chochote na kukinunua kwa vipande viwili tangu siku ya kwanza. Mazoea ya zamani ya kununua vipande viwili vidogo leo na kuongeza viwili vingine mwakani yalifaa katika DDR4. Katika kizazi hiki kuongeza kunamaanisha kupunguza mwendo. Jambo jingine la kujua mapema ni kwamba baada ya kuweka RAM mpya kompyuta ya AM5 inaweza kukaa na kioo cheusi kwa dakika kadhaa ikijifunza kuwasiliana nayo. Usiizime. Iache imalize, kisha endesha programu ya kupima RAM usiku kucha kabla ya kuweka mashine pepe yoyote ya maana.

Wapo watakaouliza juu ya RAM ya ECC inayosahihisha makosa. Vipande vyote vya DDR5 husahihisha makosa ndani ya chipu zake, na wauzaji hupenda kulitaja jambo hilo kwa namna inayomfanya mnunuzi adhani amepata ECC. Hajaipata, kwa sababu usahihishaji huo hauifuati data inaposafiri kati ya kipande cha RAM na prosesa. 7950X inakubali ECC kamili iwapo ubao mama nao unaikubali, na si mbao zote zinazoikubali. Kwa maabara ya mtu mmoja mwenye nakala rudufu za kila siku, kama yangu, naona inaweza kusubiri. Kwa mashine itakayotunza hesabu au kumbukumbu za watu wengine, ningeinunua bila kusita hata ikinilazimu kukubali kasi ndogo.

Diski ndiyo sehemu ya pili inayoamua kama utaifurahia kompyuta hii, na ndiyo inayodanganya zaidi kwa tarakimu. SSD (diski ya chipu isiyozunguka) ya NVMe inayotumia njia ya data ya PCIe 4.0 hutangazwa kwa kusoma hadi MB 7,000 kwa sekunde, lakini tarakimu hiyo hupatikana faili moja kubwa inaposomwa kwa mfululizo. Mashine pepe nane zinazoandika kwa pamoja hazifanyi hivyo. Kila moja huandika vipande vidogo vidogo mahali pake, na kwa diski maombi hayo huonekana kama mvua inayonyesha kila upande. Diski ngumu ya kuzunguka huweza kujibu maombi ya namna hiyo kama mia moja hivi kwa sekunde, ndiyo maana haifai tena kuwa makazi ya mashine pepe ingawa bado inafaa kuwa ghala la nakala rudufu.

SSD yangu ya kwanza ilikuwa ya bei nafuu, isiyo na kashe yake ya DRAM (aina ya RAM) na yenye seli za QLC zinazohifadhi biti nne kila moja. Kwa matumizi ya kawaida ya mezani nisingeona kasoro yoyote. Siku niliyonakili mashine pepe ya GB 60 mara nne kwa mfululizo, nakala ya kwanza ilikwenda kwa kasi ya kupendeza, na katikati ya nakala ya pili mwendo ukaanguka hadi chini ya MB 100 kwa sekunde, huku mashine zote zilizokuwa zikiendelea kufanya kazi zikiganda. Sababu yake inaeleweka: diski za aina hiyo hupokea data kwanza katika sehemu ndogo inayotumiwa kwa biti moja kwa kila seli, na sehemu hiyo ikijaa huanza kuandika moja kwa moja kwa utaratibu wake wa polepole. Niliibadilisha kwa SSD ya TLC (biti tatu kwa kila seli) yenye DRAM na yenye uvumilivu mkubwa wa kuandikwa, na tangu hapo sijaona kuganda kwa namna ile.

Ninatumia SSD mbili, moja ikiwa ya mfumo wa mwenyeji na nyingine ya wageni peke yao, na mgawanyo huu naupendekeza hata kwa mwenye mashine pepe tatu, kwa sababu mwenyeji anayejisasisha au kuandika kumbukumbu zake hapaswi kugombea diski na hifadhidata ya mgeni. Anayeendesha hifadhidata nzito na afikirie SSD za daraja la seva zenye kapasita za kulinda data umeme unapokatika. Hifadhidata huisubiri diski ithibitishe kila muamala, na diski yenye ulinzi huo huweza kuthibitisha mara moja bila kuhofia kupoteza kilichomo kwenye DRAM yake, ilhali diski ya kawaida hulazimika kuandika kwanza. Ukubwa pia usipimwe kwa jumla ya leo. Windows 11 peke yake inadai nafasi ya GB 64 ili ikubali kusakinishwa, na picha za hali ya mashine, zile tunazozihifadhi kabla ya jaribio la hatari, hunenepa kimyakimya kila siku ambayo hazijafutwa. Nilianza na TB 1 na nikahamia TB 2 kabla ya mwaka kuisha.

Ubao mama niliununua kwa kutazama idadi ya sloti, na hilo lilikuwa kosa langu la tatu. Mtu anayetaka kumkabidhi mgeni kifaa halisi, kwa mfano kadi ya mtandao kwa mashine pepe ya ngome ya mtandao au kadi ya michoro kwa Windows, hutegemea kitengo cha prosesa kinachoitwa IOMMU, ambacho hupanga vifaa katika makundi. Sheria yake ni kwamba kundi zima hukabidhiwa kwa pamoja. Katika ubao wangu kadi ya mtandao iliyojengwa ndani iliwekwa kundi moja na vidhibiti vya USB, kwa hiyo sikuweza kuitoa bila kutoa pia kibodi na kipanya cha mwenyeji. Ipo njia ya kulazimisha makundi yagawanyike kwa kubadilisha kerneli, yaani moyo wa mfumo wa Linux, lakini njia hiyo huvunja utengano wenyewe ambao makundi hayo yaliwekwa kuulinda, na sikuitumia. Niliweka kadi nyingine ya mtandao katika sloti iliyounganishwa moja kwa moja na prosesa na kazi ikaendelea. Kabla ya kununua ubao, tafuta mtu aliyechapisha orodha ya makundi ya IOMMU ya ubao ule ule, kwa kuwa watengenezaji hawaiandiki kwenye kasha.

Jambo moja ambalo prosesa hii inalifanya vizuri kuliko iliyoitangulia, 5950X, ni kuwa na kitengo kidogo cha michoro ndani yake. Ni dhaifu kwa michezo, lakini kwa mwenyeji wa mashine pepe ni cha thamani kubwa: mwenyeji hukitumia kuonyesha kioo chake, na kadi kubwa ya michoro hubaki huru kukabidhiwa mgeni. Kwa 5950X ilibidi kununua kadi mbili na kupoteza sloti moja. Na tangu NVIDIA, watengenezaji wa kadi za michoro za GeForce, walipoondoa mwaka 2021 kizuizi cha mashine pepe katika programu zinazoendesha kadi zao, kadi hizo huwaka ndani ya Windows ya mgeni bila hila zilizokuwa zikihitajika zamani.

Joto nitalizungumzia kwa ufupi. 7950X imetajwa kuwa ya wati 170 na huruhusiwa kuvuta hadi wati 230, na imeundwa kufika nyuzijoto 95 bila kujiona iko hatarini. Kwa kompyuta inayowaka mfululizo naona hilo halina faida. Katika BIOS kuna Eco Mode (hali ya kupunguza umeme) ya wati 105, ambayo huweka kikomo cha mvuto kuwa wati 142, na ya wati 65, ambayo kikomo chake ni wati 88. Mimi nimekaa kwenye ile ya wati 105 tangu wiki ya pili. Mashine zangu hazikuonyesha tofauti ninayoweza kuieleza, ilhali feni zilinyamaza na chumba kikapoa.

Ukishaunganisha kila kitu na programu yako ikakataa kuwasha mashine pepe ya kwanza, usidhani prosesa ni mbovu. Mbao nyingi huuzwa zikiwa zimezima uwezo huo, na katika mbao za AMD hujificha kwa jina la SVM Mode chini ya mipangilio ya prosesa. Uwashe pamoja na IOMMU. Wanaotumia VirtualBox, programu ya kuendesha mashine pepe, juu ya Windows waangalie pia alama iliyo chini ya dirisha la mgeni: ikionekana picha ya kobe wa kijani, maana yake Hyper-V, programu ya mashine pepe ya Windows yenyewe, imeshika usukani na VirtualBox inapita juu yake, jambo linalopunguza mwendo sana.

Agosti 2024 AMD walitoa 9950X yenye viini 16 vile vile kwa soketi ile ile, na kasi rasmi ya RAM kwa vipande viwili ikapanda hadi DDR5-5600. Kwa vipande vinne imebaki DDR5-3600. Anayenunua leo anaweza kuchagua yoyote kati ya hizo mbili kwa kufuata tofauti ya gharama, na nisingebadilisha neno lolote juu ya RAM na diski. Mwenye 7950X, kama mimi, hana sababu ya kuhama. Ambaye hesabu yake ya RAM inapita GB 192, au anayetaka kadi tatu au nne kila moja na njia zake kamili za PCIe, asiilazimishe AM5. Aende Threadripper 7000 (familia ya prosesa za AMD za kompyuta za kazi nzito) ya mwaka 2023, yenye njia nne za RAM na nafasi ya hadi TB 1, akijua kwamba prosesa yake huvuta wati 350 na kwamba RAM yake ni ya aina ya RDIMM inayotumika katika seva, kwa hiyo vipande vya AM5 alivyokwisha kununua havitamfaa.